Haifulo wodini: inunueni, lakini mruhusuni muuguzi aishike

Wenzangu wa hospitali ndogo huniuliza kama mashine ya oksijeni ya mtiririko mkubwa, ile ambayo wodini tunaiita haifulo, inastahili bei yake. Mimi ni muuguzi wa wagonjwa mahututi katika hospitali moja ya kaunti, Pwani ya Kenya. Nimeitumia tangu enzi za Korona, na iliyonifunza zaidi ni Delta, lile wimbi la Korona la mwaka 2021. Jibu langu ni ndiyo, inunueni. Ila kama wodi yenu haimruhusu muuguzi kugusa kitufe bila kumwita daktari kwanza, tengenezeni hilo kabla ya kutoa hela.

Kwa asiyeijua, ni kisanduku kinachofungwa kwenye mlingoti wa dripu. Huchanganya hewa na oksijeni, hupitisha mchanganyiko huo kwenye maji yaliyopashwa moto, kisha huusukuma hadi puani mwa mgonjwa kupitia mrija wenye waya wa joto ndani yake. Hufika lita 60 kwa dakika, kwa joto la nyuzi 37. Oksijeni kavu ya ukutani ukiisukuma kwa nguvu hivyo, pua hukauka na kutoka damu, na mgonjwa huvua mrija kila ukigeuka. Hii huivumilia. Anaongea, anakunywa uji, anasali, anampigia mkewe simu. Kwa mtu aliyetengwa na jamaa zake wote, anayewaona watu waliofunikwa macho na mdomo tu, kuweza kuongea ni tiba, na silisemi hilo kwa mapambo.

Vitu vya kurekebisha ni vitatu: kasi, joto na kiasi cha oksijeni. Muuguzi yeyote aliyefundishwa vizuri anaviweza.

Lakini mashine zetu za kwanza zilikuja na agizo kwamba badiliko lolote lifanywe na daktari. Sikuona nia mbaya ndani yake. Mwaka 2020 kila mtu aliogopa, na kulikuwa na wasiwasi kwamba kasi ile ya hewa ingetawanya virusi chumba kizima, ndiyo maana tuliwavisha wagonjwa barakoa ya upasuaji juu ya mirija. Sasa fikiria usiku. Daktari ni mmoja, yuko wodi nyingine, na kabla hajaingia kwetu lazima avae gauni, glavu, miwani na barakoa. Muuguzi yuko kando ya kitanda, anaona oksijeni kwenye damu ya mgonjwa imeshuka hadi asilimia 84, kitufe kiko mbele yake, na karatasi ukutani inamwambia asubiri. Wapo waliosubiri huku wakilia. Wapo waliozungusha kimyakimya bila kuandika popote, na hapo hatari ikazidi, maana anayeingia zamu ya asubuhi anakuta namba zisizo na historia. Hajui mgonjwa amepandishwa oksijeni kwa sababu anazidiwa au kwa sababu mtu alijihami tu.

Kilichotuokoa ni daktari wetu wa usingizi. Aliketi na wauguzi wa zamu zote, wa usiku wakiwemo, akamuuliza kila mmoja: ukiona hivi, ungefanya nini? Aliandika majibu yetu, akayapitia, akayasahihisha pale yalipohitaji, kisha akatia sahihi. Ikawa karatasi moja. Muuguzi anaanza na lita 30, anapandisha hadi 50 au 60 mgonjwa akivumilia. Anaongeza au kupunguza oksijeni akilenga asilimia 92 hadi 96 kwenye damu. Mgonjwa akilalamika joto, anashusha. Aliye macho anamlaza kifudifudi bila kuomba ruhusa. Kila badiliko linaandikwa pamoja na saa na jina. Na kwa vipindi vilivyopangwa anapiga hesabu ya ROX, inayoonyesha kama haifulo inamtosha mgonjwa.

Hesabu hii ni rahisi na ningependa kila wodi iwe nayo. Chukua kiwango cha oksijeni kwenye damu, gawanya kwa sehemu ya oksijeni anayovuta (asilimia 80 ni 0.8), kisha gawanya kwa idadi ya pumzi kwa dakika. Jibu likiwa 4.88 au zaidi, kwa kawaida haifulo inatosha. Utafiti wa wagonjwa wa nimonia uliochapishwa mwaka 2019, kabla ya Korona, uliweka pia mipaka ya chini: pungufu ya 2.85 saa ya 2 tangu aanze haifulo, pungufu ya 3.47 saa ya 6, pungufu ya 3.85 saa ya 12. Akiwa chini ya hapo, andaa mashine ya kupumulia.

Nitaeleza usiku mmoja ili ieleweke kwa nini naizungumzia karatasi katika tathmini ya mashine. Tulikuwa na mzee, mwalimu mstaafu, kitanda cha dirishani. Kioo cha kipimo kilionyesha oksijeni ya damu 93. Mtu akipita mlangoni angesema mzee anaendelea vizuri. Lakini nilikuwa naye tangu jioni, na niliona misuli ya shingo ikianza kuvuta. Alipoingia alikuwa ananisimulia shule aliyofundisha. Sasa hakuweza kumaliza sentensi. Nilipiga simu.

“Daktari, mzee wa dirishani amechoka. Namba inapendeza, lakini amechoka.”

“Umeona nini, Sista?”

“Pumzi 36. Oksijeni nimeipandisha hadi asilimia 80. Anatumia shingo. ROX saa ya pili ilikuwa 4.2, sasa ni saa ya sita, imekuwa 3.2.”

“Andaa vifaa. Nakuja.”

Hakuniuliza kama nina uhakika. Hakusema tungoje vipimo vya damu vya asubuhi. Alipofika, dawa zilikuwa zimevutwa kwenye sindano, mashine ya kupumulia imejaribiwa, na mzee ameshaongea na bintiye kwa simu. Mpira uliingizwa kooni kwa utulivu, tungengoja hadi asubuhi hatungeupata utulivu ule. Aliishi. Wengine tuliowahi vilevile hawakuishi, na sitaki msomaji adhani karatasi hushinda ugonjwa. Utafiti mkubwa wa wagonjwa mahututi wa Korona katika nchi 10 za Afrika, Kenya ikiwemo, uliochapishwa Mei 2021, ulikuta asilimia 48.2 walifariki ndani ya siku 30. Sisi tuliokuwa ndani hatukushangazwa na namba hiyo.

Imani ile ya daktari kwetu haikuja kwa sababu ni mtu mpole. Ilikuja kwa sababu alijua tunachojua. Alikuwepo tulipokubaliana namba, na aliona tukiandika kila tulichogusa. Nasi tulijua kwamba tukimpigia saa tisa usiku kwa jambo ambalo baadaye litaonekana dogo, hatatukemea mbele ya wenzetu asubuhi. Hilo la mwisho, kwangu, lina uzito kuliko yote. Muuguzi aliyewahi kukaripiwa kwa kupiga simu mapema, safari nyingine atapiga kwa kuchelewa, na anayelipa ni mgonjwa. Nimefanya kazi na madaktari wazuri sana wa vitabu ambao wodi zao zilikuwa kimya usiku kucha kwa sababu hiyo.

Kuhusu kulaza kifudifudi, msiiache mashine ifanye kazi peke yake. Mwaka 2021 zilichapishwa takwimu za wagonjwa zaidi ya 1,100 kutoka nchi 6, wote wako macho na wote wako kwenye haifulo. Waliolazwa kifudifudi, asilimia 40 walifikia kuwekewa mpira au kufariki ndani ya siku 28. Waliobaki na uangalizi wa kawaida, asilimia 46. Faida hiyo inatoka mikononi mwa muuguzi. Ndiye anayemwambia, “Mama, geuka kidogo nikuwekee mto chini ya kifua,” anayejua mgongo wake unauma wapi, anayerudi baadaye kuona kama amegeuka tena, na anayemwomba upya bila kuchoka. Ukimwekea sharti la kusubiri maagizo ya maandishi kwa kila geuko, hatageuza.

Na nisiisifu mashine kupita kiasi. Utafiti wa Uingereza uitwao RECOVERY-RS, uliotoka Januari 2022, ulilinganisha njia tatu kwa wagonjwa zaidi ya 1,200 wa Korona. Barakoa ya kubana yenye shinikizo, yaani CPAP, ilipunguza idadi ya waliowekewa mpira au kufariki: asilimia 36.3 dhidi ya 44.4 ya oksijeni ya kawaida. Haifulo ilipata 44.3 dhidi ya 45.1, yaani tofauti ya maana haikuwepo. Kwa hiyo hospitali yenye fedha ya kununua kimoja tu, na wagonjwa wanaovumilia barakoa ya kubana, iangalie CPAP pia. Nilichokiona mimi ni kwamba wengi waliivua barakoa ile, na haifulo wakakaa nayo.

Kasoro zake za kweli ni za oksijeni na stima. Kwa lita 60 na oksijeni asilimia 100, inakula lita 3,600 kwa saa. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 unaisha kabla ya saa mbili. Hospitali isiyo na kiwanda chake au tangi la oksijeni ya maji itageuza wauguzi kuwa wasukuma mitungi, na mashine ndogo za kuchuja oksijeni zinazotoa lita 10 hazitoshi. Jambo jingine ambalo muuzaji wetu hakulitaja: geji ya kawaida ya ukutani huishia lita 15. Ukiifunga hiyo kwenye haifulo inayokwenda lita 50, mgonjwa anapata oksijeni kama asilimia 45 tu, hata uizungushe mpaka mwisho. Ulizeni geji ya mtiririko mkubwa, na iwe ndani ya bei ileile. Yetu pia haikuwa na betri. Stima ikikatika, inazima, na jenereta ikichelewa kidogo tu utaona mgonjwa akibadilika rangi. Kila kitanda chenye haifulo kiwe na barakoa ya mfuko iliyounganishwa tayari pembeni.

Mirija na vipachiko vya pua ni gharama isiyoisha. Vinakuja kwa ukubwa mbalimbali, na kipachiko kikubwa kinachoziba pua kabisa hakifai. Agizeni vya wastani na vidogo kwa wingi kuliko vikubwa. Ndivyo vilivyoisha kwanza kwetu.

Halafu mafunzo. Muuzaji atakuja saa nne asubuhi, atakutana na mkuu wa wodi na daktari, ataonyesha vitufe, watapiga picha, ataondoka. Mkatalieni. Aandikiwe kwenye mkataba kwamba atarudi saa mbili za usiku zamu inapobadilishwa, awafundishe watakaobaki na mgonjwa mpaka kuche, na daktari wa zamu awepo palepale, amsikie muuguzi akieleza kwa mdomo wake atapandisha lini, atashusha lini, na atampigia lini.