Karura: shika njia ya mtoni, na usiwe na haraka

Wengi wanaoingia msitu wa Karura, hapa Nairobi, huulizia maporomoko, wakapiga picha, wakarudi zao. Maporomoko ni mazuri, lakini mimi hufuata njia yenyewe, kile kipande kinachoandamana na mto Karura kati ya mapango ya Mau Mau na hayo maporomoko. Sijaona matembezi yanayokishinda ndani ya jiji hili.

Nenda asubuhi, mvua za Aprili au Novemba zikishakolea, na uanze na magogo yaliyooza. Kuna uyoga wa kahawia, laini, uliokaa kama sikio la mtu. Kuna mwingine mdogo mweupe wenye manyoya: ukiuchungulia kwa chini utaona mistari iliyopasuka katikati. Jua likiwaka hujikunja na kukauka, mvua ikirudi hukunjuka na kuendelea na maisha. Mimi huinama hapo mpaka wenzangu wananiacha. Usiuchume wala usiuonje. Uyoga wa sumu unaweza kufanana kabisa na ule wa kuliwa.

Okidi zitafute juu, kwenye matawi ya miti mikongwe. Usitegemee maua, tafuta mizizi: ikiwa mikavu ni ya kijivu, ikilowa hugeuka kijani. Nyingi za okidi hizi za mitini huchanua maua meupe, na harufu yake hutoka giza likiingia, kwa ajili ya nondo, saa ambayo wageni tumeshatoka msituni. Kwa hiyo pua haitakusaidia, darubini ni lazima. Na kuna jambo linalonifurahisha kupita yote: mbegu ya okidi ni vumbi tupu, haina akiba ya chakula, na huko porini haioti mpaka ipate kuvu, jamii moja na uyoga, wa kuilisha. Kwa hiyo anayeng'oa okidi akaipande nyumbani, na anayesafisha magogo "machafu", wote wanauumiza msitu uleule.

Kwa ndege, chukua mtu wa kukutembeza. Kijana tuliyekuwa naye alisikia mkoromo juu ya mti, akaninong'oneza, "Mama, usisonge, subiri aruke." Alikuwa turako wa Hartlaub. Akiwa ametulia ni kijani na buluu tu. Aliporuka, mabawa yakafunguka mekundu kabisa. Wekundu huo una madini ya shaba ndani yake. Hondohondo utawasikia kabla ya kuwaona, na karibu na maji mtazame mdiria.

Kinachonitia uchungu ni mto. Mvua kubwa huteremsha plastiki kutoka mitaa ya juu, zikanasa kwenye mizizi. Msitu huu Wangari Maathai na wenzake walipigwa Januari 1999 wakiutetea usigawiwe wajenzi. Haustahili chupa zetu. Pia wapo wanaotembea na spika zikivuma. Tafadhali, zimeni.

Mengine ni mepesi. Njia panda zina namba, kwa hiyo kupotea ni vigumu. Vaa viatu vyenye meno, udongo mwekundu ukilowa unateleza vibaya, na mzee mwenye magoti mabovu asishuke kwenye maporomoko siku ya mvua. Kinachokosekana njiani ni ubao wenye picha za uyoga na okidi, ili mtoto ajue anachokiona. Wasimamizi wa msitu, mkipanga kuuweka, mimi niko tayari kuchangia.