Biblia Ndogo ya Union Version Katika Soko la Dagaa: Je, Inafaa Kununuliwa?

Biblia ninayoizungumzia ni toleo dogo la tafsiri ya Kiswahili ya Union Version, lenye jalada jeusi la ngozi ya bandia, zipu inayolifunga pande tatu, utepe wa kualamishia ukurasa na rejea za maandiko, yaani maandishi madogo yanayomwelekeza msomaji kwenye aya nyingine zinazohusiana. Matoleo ya namna hii hupatikana katika maduka ya vitabu vya Kikristo jijini Mwanza, na mara nyingi hupangwa rafu moja na yale makubwa ambayo wengi wetu huyachukua kwanza kwa sababu yanapendeza mkononi siku ya Jumapili. Toleo hili dogo nimelitumia nyumbani na katika biashara yangu ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, kiasi cha kuweza kumshauri Mkristo anayetafuta Biblia ya kumwongoza siku nzima.

Naipima Biblia kwa agizo lililomo katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, ambako Musa anawaagiza Waisraeli wawafundishe watoto wao maneno ya Mungu na kuyanena "uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo". Aya hiyo haitaji hema ya kukutania wala siku ya ibada. Inataja nyumba, njia, kulala na kuamka, yaani mambo ambayo kila mtu huyafanya kila siku bila kuyaita ya dini. Anayetaka Mungu awe katikati ya maisha yake anahitaji Neno lililo karibu naye saa anapopanga bei, anapodaiwa, anapokosewa na mteja na anapohesabu fedha jioni. Biblia inayofungiwa kabatini tangu Jumapili jioni hadi Jumapili inayofuata, hata ikiwa na ukingo wa dhahabu, haijatimiza kazi ambayo mimi naitafutia.

Kwa upande huo toleo hili limefaulu vizuri. Linaingia katika mkoba wa kawaida pamoja na daftari la mauzo, na uzito wake hauchoshi hata kwa mtu anayetoka Igoma au Buhongwa akiwa amesimama ndani ya daladala. Zipu hulikinga dhidi ya vumbi na magamba ya dagaa, ingawa harufu ya soko haizuiliki, na sioni kwamba hilo ni jambo la kumsikitisha mtu. Karatasi zake ni nyembamba sana, kwa hiyo anayependa kupigia mstari aya atumie penseli, kwa kuwa wino wa kalamu huonekana upande wa pili na kuharibu usomaji.

Sehemu iliyonifaa kuliko zote ni rejea, na hapa ningependa kueleza kwa kirefu, kwa kuwa wanunuzi wengi hawaziangalii kabisa. Katika Mithali 11:1 imeandikwa, "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, Bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza." Mfanyabiashara wa Mwaloni haelezwi maana ya aya hiyo mara mbili, maana sokoni kwetu dagaa hupimwa kwa sado, debe na gunia, na kila mtu anajua kwamba sado lililobonyezwa kitako hubeba pungufu bila mnunuzi kugundua. Aya ikisomwa peke yake, mtu anaweza kuichukua kama ushauri mzuri wa biashara, kwamba ukimpunja mteja hatarudi. Ukizifuata rejea, unafika mahali pengine. Zinakupeleka Mambo ya Walawi 19:35-36, ambako Mungu anaamuru mizani ya haki na mawe ya haki, kisha papo hapo anajitambulisha kuwa ndiye aliyewatoa Waisraeli katika nchi ya Misri. Sababu ya kupima sawasawa, basi, si faida ya kesho. Sababu ni Mungu mwenyewe, aliyewahurumia watu waliokuwa wakionewa, na ambaye hataki nao wawe waonevu. Kumbukumbu la Torati sura ya 25 inamkataza mtu kutembea na mawe mawili ya kupimia mfukoni, moja kubwa na moja dogo. Amosi 8:5 ni nzito zaidi: nabii anawakemea watu wanaoitunza sabato kwa mwili huku wakiulizana itakwisha lini, ili warudi kupunguza kipimo na kuongeza bei. Watu hao walikuwa wanahudhuria ibada. Naamini hakuna mahali ambapo Biblia inaonyesha kwa uwazi zaidi tofauti kati ya mtu mwenye dini na mtu ambaye Mungu ameshika kitovu cha maisha yake, na mimi nimefika hapo kwa kufuata maandishi madogo ambayo nusu ya wasomaji hudhani ni mapambo.

Kuhusu lugha, mnunuzi ajue anachukua tafsiri yenye umri. Miongoni mwa Biblia za Kiswahili zilizoitangulia ni ile ya Unguja iliyokamilika mwaka 1891 na ile ya Mombasa iliyokamilika mwaka 1914. Union Version ilikuja kuwapa Wakristo wa Afrika Mashariki maandiko ya pamoja, Agano Jipya likitoka mwaka 1950 na Biblia nzima mwaka 1952. Kiswahili chake kina maneno yasiyotumika tena mitaani, na tahajia yake ya "lo lote" na "ye yote" huwashangaza wanafunzi. Hata hivyo, ni Kiswahili chenye mapigo yanayokaa moyoni, na ndiyo sababu aya tulizokariri tangu utotoni katika shule ya Jumapili karibu zote zimetoka humo. Aya iliyokaririwa hufika pale ambapo kitabu hakiwezi kufunguliwa. Mchuuzi mwenye mikono iliyolowa, au mvuvi aliyeshika kamba usiku, hawezi kutafuta ukurasa, lakini anaweza kusema kimoyomoyo, "Lo lote mfanyalo, lifanyeni kwa moyo, kama kwa Bwana, wala si kwa wanadamu," na akafarijika zaidi akikumbuka kwamba Paulo, katika Wakolosai sura ya 3, alikuwa akiwaandikia watumwa, watu ambao kazi yao haikuwa na sifa wala ujira wa maana mbele ya wanadamu.

Mtu aliyeokoka hivi karibuni, au kijana ambaye Kiswahili cha zamani kinamchosha, ningemshauri aanze na Biblia Habari Njema, ambayo lugha yake ni nyepesi na imetayarishwa kwa ushirikiano wa Waprotestanti na Wakatoliki. Ndugu zetu Wakatoliki wahakikishe pia kwamba wanachukua toleo lenye vitabu vyote 73, kwa kuwa toleo ninalolieleza hapa lina vitabu 66.

Wapo watakaouliza kwa nini mtu anunue kitabu wakati Biblia ya simu hupatikana bure. Simu ina faida ambayo siwezi kuipuuza, nayo ni sauti: mama asiyejua kusoma, au mzee ambaye macho yamedhoofika, anaweza kusikiliza Injili yote ya Marko akiwa anaanika dagaa, na kwa mtu huyo simu inafaa kuliko kitabu changu. Kwa anayeweza kusoma, nimeona kwamba simu hiyo hiyo huleta ujumbe wa wateja, wa vikoba na wa familia katikati ya zaburi, na mawazo yakishaondoka hayarudi upesi. Aliye katika kambi ya wavuvi visiwani, ambako kuchaji simu ni kazi na mtandao hukatika, hahitaji maelezo yangu.

Kuhusu mpango wa kusoma, toleo hili halina ratiba ndani yake, nami sioni kuwa ni upungufu. Mithali ina sura 31, hivyo mtu anaweza kusoma sura moja kwa kila tarehe ya mwezi. Zaburi 150 humalizika kwa siku 30 kwa anayesoma tano kila siku. Na sura zote 1,189 za Biblia hii humalizika ndani ya mwaka kwa anayesoma tatu kila siku kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi na tano kila Jumapili. Kwa wavuvi wa dagaa upo mpango mwingine unaofuata kazi yenyewe. Kwa kuwa dagaa huvuliwa usiku kwa kuvutwa na taa, na mbalamwezi hudhoofisha taa hizo, wavuvi wengi hupumzika mwezi unapong'aa, na siku hizo ambazo kambini hujaa pombe na karata zingeweza kuwa siku za kusoma pamoja kitabu kizima. Ningeanza na Luka. Simoni anaposema, "Tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, tusipate kitu, lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu," mvuvi wa Ukerewe au Kome anaelewa gharama ya jibu hilo kuliko mhubiri yeyote wa mjini: mafuta yamekwisha, nyavu zimeshaoshwa, mwili umechoka, na bado mtu anatii. Kisha nyavu zinajaa hadi zinataka kukatika, na Simoni, badala ya kuhesabu fedha, anaanguka magotini mwa Yesu, na siku hiyo hiyo anauacha mzigo mkubwa kuliko yote aliyowahi kuvua.

Kasoro zipo. Maandishi ni madogo mno kwa mtu aliyevuka umri wa makamo, hasa alfajiri kabla mwanga haujatosha, na wazee wachukue toleo la maandishi makubwa hata kama litawalazimu kubeba uzito. Zipu ya nakala yangu ilianza kukwama kwa sababu ya unyevu. Huwa naipaka nta ya mshumaa, na fundi viatu anaweza kuibadilisha kwa gharama ndogo. Ramani za nyuma hazisomeki vizuri, na hakuna utangulizi wa vitabu unaoeleza Amosi alikuwa nani au Paulo aliandika akiwa wapi, kwa hiyo anayefundisha kikundi cha nyumbani atahitaji kitabu cha maelezo pembeni.

Bei hutofautiana kwa kadiri ya jalada, na toleo la jalada la karatasi gumu lisilo na zipu huwa nafuu zaidi likiwa na maandiko yale yale. Kabla ya kulipa, omba nakala ifunguliwe, hakikisha rejea zimo, kwa kuwa baadhi ya matoleo madogo huziacha, pitisha vidole haraka kuona kama hakuna kurasa zilizoshikana au kugeuzwa, kisha soma Mithali 11 ukiwa umesimama pale pale dukani, uone kama macho yako yanayamudu maandishi hayo bila kuyasogeza karibu.