Skrini ifuate filamu, au filamu ifuate skrini?

Ukichezesha filamu ya fremu (picha) 23.976 kwa sekunde kwenye TV ya hezi 60, yaani inayochora picha mara 60 kwa sekunde, iwe sebuleni Mtwara au kwenye banda la video Lindi, fremu moja huonyeshwa mara 3, inayofuata mara 2. Kamera ikizunguka taratibu, picha inagotagota.

Kwenye Kodi, programu ya kucheza video, bora skrini ibadili hezi video inapoanza: filamu ipate 23.976, rekodi za televisheni za fremu 25 zipate 50. Skrini itazimika kidogo, vumilia.

Kuoanisha uchezaji na skrini, yaani filamu kuifuata skrini, hurekebisha kasi ya filamu, ila sauti ghafi (ambayo Kodi haijaisimbua) haipiti kwenda kwenye amplifaya. Kunafaa TV yenye 24 kamili tu, ambayo ingerudia fremu kila sekunde 42 hivi. Kwenye 60, kugotagota kunabaki.