Uzoefu wangu: siku saba shambani kwa Waladini, La Val

Tulilipa wenyewe: euro 98 kwa usiku, usiku saba, watu wanne, vyumba viwili na jiko. Sikupewa ofa na mtu. Naandika kwa sababu kila nikisema tulikwenda Italia naulizwa Roma au Venice, na nikijibu La Val watu wananitazama kama nimewatajia dawa ya kikohozi.

La Val ni kijiji cha bonde la Badia, kaskazini kabisa mwa Italia, ndani ya milima ya Dolomiti. Wenyeji wake ni Waladini. Lugha yao, Kiladini, ni mtoto wa Kilatini cha Warumi walioiteka milima hii mwaka 15 kabla ya Kristo, na leo wanaoizungumza ni takriban 30,000 tu, wametawanyika kwenye mabonde machache yanayouzunguka mlima Sella. Mimi ni mtu wa Ugweno, Upare ya Kaskazini. Lugha ndogo ya mlimani naijua, na najua pia inavyopotea. Sikwenda kule kwa ajili hiyo, nilikwenda kupumzika baada ya zamu za usiku za hospitali. Lakini hiyo ndiyo iliyonikaa kichwani.

Tuanze na njia. Tunaishi Munich, kwa hiyo tulikwenda kwa gari kupitia Brenner, njia ya mlimani kati ya Austria na Italia. Msiende Jumamosi ya Julai. Ulaya nzima iko barabarani siku hiyo, na safari ya saa nne ikatuchukua saa saba. Kumbuka kununua stika ya barabara kuu za Austria, na kipande cha Brenner kinalipiwa peke yake, stika haikitoshi. Kwa anayetoka Dar au Nairobi, viza ni ya Schengen ya kawaida.

Kisha kuna suala la majina. Barua ya uthibitisho niliyotumiwa kwa Kijerumani ilisema Wengen. Nikaandika Wengen kwenye simu, na simu ikataka kutupeleka Uswisi, maana huko nako kuna Wengen, tena maarufu zaidi. Baba watoto akanyamaza kile kimya chake. Tulipofika kwenye bonde lenyewe kibao kikaandika La Val, na chini yake Wengen na La Valle, kumbe kijiji ni kilekile kwa lugha tatu. Ndivyo bonde zima lilivyo: La Ila ni Stern na ni La Villa, San Ciascian ni St. Kassian na ni San Cassiano. Jina la Kiladini liko juu. Ukikata nafasi, hakikisha unayajua majina yote matatu, vinginevyo utalala kwenye gari.

Shamba lenyewe liko kwenye kile wanachokiita *viles*, nyumba chache za wakulima zilizobanana mteremkoni, chini mawe, juu mbao, na katikati bomba la maji la wote. Zilijengwa zikabanana hivyo makusudi, ardhi tambarare ikaachiwa kilimo. Nilipoziona nikamwambia mume wangu hapa ni Shighatini ya kwetu Ugweno, yenye theluji. Ndani kuna chumba kiitwacho *stüa*, kimepigwa mbao kuta hadi dari, na jiko la kuni pembeni. Usicheke, Julai tuliliwasha mara mbili. Mvua ikinyesha mchana, usiku unafika nyuzi nane au tisa, na watoto wangu walikuwa wamepakia kaptula.

Malalamiko yangu kwa shamba ni mawili. Tangazo lilisema roshani inatazama mlima. Roshani yetu ilitazama ghala la nyasi na zizi, na ukijipinda shingo unaona kipembe cha mlima kushoto. La pili ni nzi na harufu ya samadi. Mimi nimekulia karibu na zizi, haikunisumbua, lakini mume wangu ni mtu wa Pangani na siku mbili za mwanzo alikunywa chai amefunga madirisha. Mengine yote sina neno. Maziwa yalikuwa mlangoni kila asubuhi yangali na joto la ng'ombe, mayai tuliokota wenyewe, na kila aliyelala pale alipewa kadi ya wageni ya mabasi na treni za mkoa mzima wa Tirol ya Kusini bila kulipa zaidi. Tuliliacha gari siku tano nzima.

Sasa lile jambo. Mama mwenye shamba ana mtoto wa miaka saba, rika la mwanangu wa pili. Siku ya pili nilikaa kwenye benchi nikimtazama. Na mama yake alizungumza Kiladini. Na wanangu, Kijerumani. Akaja mwenye gari la mikate, akageukia Kitaliano, akachukua mikate, akarudi kwenye Kiladini kumwambia bibi yake chenji ni kiasi gani. Hakuna aliyemshangilia. Nilipomuuliza mama yake anawezaje, aliniambia shule za bonde lao hugawa masomo nusu kwa Kijerumani na nusu kwa Kitaliano, na Kiladini nacho kina vipindi vyake, lakini shule si chochote, kinachoshikilia lugha ni jikoni. Mabonde haya yalikuwa ya Austria hadi Vita vya Kwanza vya Dunia, yakawa ya Italia baadaye, na kila mtawala alikuja na lugha yake. Baba watoto akasema kwetu nako Mjerumani aliondolewa na vita hivyohivyo. Kweli, lakini kwetu lugha ndogo haikumezwa na Mjerumani. Imemezwa na Chasu, yaani Kipare, na Kiswahili, na sisi wenyewe ndio tuliokuwa tunapakua.

Usiku mwanangu akaniuliza, "Mama, Kigweno changu kiko wapi?"

Nikamwambia alale.

Kesho yake niliwasha simu, nikampigia shangazi yangu, nikamwachia mtoto aulize. Alitaka neno moja tu, la maji. Kwenye jokofu alikuwa amebandika karatasi yenye *maji*, *Wasser*, *acqua* na *ega*, na sasa mstari wa tano ukapata neno lake. Shangazi alicheka sana, kisha akakataa kukata simu, tukazungumza karibu saa nzima, mtoto akiuliza, mimi nikiandika.

Matembezi: kama una siku moja tu, panda kwenda kwenye kanisa la La Crusc kupitia malisho ya Armentara. Unaanzia La Val, na kwa miguu ya watoto ni saa tatu. Njia haina hatari, ni malisho mapana ya nyasi yenye vibanda vya mbao, na juu yake ukuta wa jiwe wa Sas dla Crusc, mita 2,907, umesimama kama mtu aliyekasirika. Nyasi zile hukatwa mara moja tu kwa mwaka na hazitiwi mbolea ya dukani, ndiyo maana maua ni mengi kiasi kile. Sisi tulifika wanakata. Harufu ya nyasi inayokauka juani, siwezi kuieleza, nendeni. Mwisho wa njia kuna kanisa dogo jeupe kwenye mita 2,045, na watu wanapanda kwa hija hadi leo. Wachovu wanaweza kushuka kwa lifti ya kebo hadi Badia, ila hiyo unalipia.

Njiani kibao kimoja kilieleza kwamba Dolomiti zilianza kama miamba ya matumbawe ndani ya bahari ya joto, zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. Mume wangu alisimama pale akiligusa jiwe. Nyumba ya babu yake Pangani imejengwa kwa matumbawe. "Kwa hiyo tumeiacha bahari nyumbani," akasema, "tumekuja kuipanda." Tangu siku hiyo madirisha yalifunguliwa.

Toka saa moja asubuhi, uwe umeshuka ifikapo saa nane mchana. Ngurumo huja alasiri, na huja ghafla. Siku tuliyochelewa tulirudi tumelowa hadi soksi.

Wakatoliki watapenda Oies, kitongoji cha juu ya Badia alikozaliwa Josef Freinademetz mwaka 1852. Mtoto wa mkulima wa Kiladini, akawa mmisionari, akaishi China hadi kufa kwake mwaka 1908. Alitangazwa mtakatifu tarehe 5 Oktoba 2003, siku moja na Daniele Comboni, mwasisi wa wamisionari wa Comboni, ambaye wasomaji wa Uganda na Kenya hawahitaji kuelezwa ni nani. Mimi ni Mwislamu, nilikwenda kwa ajili ya jirani yangu wa Munich aliyeniagiza kadi. Nyumba ni ndogo na kimya chake ni kizuri.

Watoto wangu wanakumbuka zaidi dubu. Mwaka 1987 yaligunduliwa mapangoni huko Conturines, kama mita 2,800 juu, mabaki ya dubu wa kale, wakampa jina *Ursus ladinicus*. Hata dubu ni Mladini! Makumbusho yake yako San Ciascian. Yale makubwa ya utamaduni yako kwenye ngome ya Ćiastel de Tor, San Martin de Tor, na yanafaa siku ya mvua, ingawa mtoto wa chini ya miaka minane atachoka nusu ya njia. Kijiji cha Corvara nilikiona cha kitajiri na cha kelele, tukanywa kahawa tukaondoka. Angalieni pia tarehe ya Maratona dles Dolomites, mashindano ya baiskeli ya mwanzoni mwa Julai. Siku hiyo barabara za milimani hufungwa asubuhi na maelfu ya baiskeli ndiyo yanayotawala.

Chakula, hasa kwa Waislamu wenzangu: kitimoto kiko kila mahali, tena kimekaushwa kwa moshi na kukatwa vipande vidogo ambavyo havionekani. Supu yao ya shayiri, *panicia*, ni tamu, lakini kwa kawaida imepikwa nacho. Katika mgahawa mmoja wa mlimani nilihakikishiwa kwamba supu haina, nikakuta kipande kwenye kijiko cha tatu. Walinibadilishia sahani bila kuomba radhi. Salama yako ni *cajincí arestis*, ambazo ni sambusa kabisa, nusu mwezi, ndani spinachi na jibini laini, na *turtres*, mviringo mwembamba wa kukaanga wenye spinachi. Uliza pia mafuta ya kukaangia ni ya nini. Mama wa shamba alinielewa mara moja, akanikaangia *turtres* kwa mafuta ya alizeti nikiwa nimesimama naye jikoni, na akanifundisha kuusukuma unga hadi uone kidole upande wa pili. Nilimlipa kwa kumpikia pilau. Bibi mkwe wake alisema iliki ni ya keki, lakini alirudia sahani.

Duka la kijiji hufungwa saa sita na nusu mchana hadi saa tisa, na Jumapili tulikuta limefungwa kutwa. Tulifika Jumamosi jioni bila hata unga.

Mtaniuliza, na ngozi yetu? Tulitazamwa, ndiyo. Kule Mwafrika mwenye mkoba wa kupandia mlima si jambo la kila siku. Lakini mlimani kila mtu humsalimu kila mtu, na mwanangu alipoanza kuwahi yeye na *bun dé* yake, wazee walisimama kabisa kuongea naye. Ukisema *giulan*, asante, mkate unaongezwa. Jioni watu hutoka nje kutazama jiwe la mlima likigeuka waridi jua linapozama, wanaita *enrosadira*, na majirani walituvutia viti tuione kutoka uwanjani kwao, kwa kuwa roshani yetu mnajua ilitazama nini.

Tumeshalipa arubuni ya mwakani, mwezi wa sita safari hii, kabla nyasi za Armentara hazijakatwa. Niliandika kuomba upande wa mlima. Mama mwenye shamba amejibu atajitahidi, ila ng'ombe nao, anasema, wamezoea kututazama.