Mifuko ya PICS kwa akiba ya chakula nyumbani: anza na maharage

Familia ya watu watano, wakubwa wawili na watoto watatu, hula karibu kilo moja na nusu ya mahindi na nusu kilo ya maharage kwa siku. Kwa hesabu hiyo kilo 50 za maharage zinafika siku 100, na gunia la mahindi la kilo 100 linapita miezi miwili kidogo. Akiba ya kiasi hicho inaivusha nyumba mwezi ambao mshahara umechelewa, mgonjwa amelazwa, au mvua za masika zimekata barabara. Kuinunua Agosti, wakati mavuno yamejaa kwenye masoko ya Arusha na Moshi kama Ngaramtoni, Tengeru na Mbuyuni, si kazi ngumu. Kazi ni kuifikisha Machi ikiwa bado chakula.

Mfuko wa PICS (kifupi cha Kiingereza cha Purdue Improved Crop Storage) una tabaka tatu: nailoni mbili nzito, moja ndani ya nyingine, na salfeti kwa nje. Ulibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kwa ajili ya wakulima wa kunde wa Cameroon, miaka ya 1980. Hauna dawa. Wadudu walioingia na nafaka wanaimaliza oksijeni iliyomo, na kwa kuwa nyingine haiingii, wanaacha kula, wanaacha kutaga, kisha wanakufa. Kwenye maduka ya pembejeo bei yake kwa kawaida ni karibu shilingi 5,000, ikipanda au kushuka kidogo. Kiwanda cha A to Z cha Arusha nacho kinatengeneza mfuko wa jamii hiyo, AgroZ, na mengi yaliyomo humu yanauhusu pia.

Kwa mwenye pesa ya mfuko mmoja tu, tunasema bila kusita: weka maharage. Wadudu wa maharage huanzia shambani, mayai hayaonekani, na gunia lililonunuliwa likiwa safi kabisa linaweza kuwa na matundu baada ya wiki chache. Halafu kuna hesabu ya pesa. Kilo ya maharage ikiwa shilingi 2,500, mfuko umejilipa ukiokoa kilo mbili. Kilo ya mahindi ikiwa shilingi 800, lazima uokoe kilo sita na ushee. Kwa mahindi mfuko unalipa pale tu unapokusudia kuyakalisha miezi mitatu au zaidi, na unalipa haraka zaidi Moshi mjini kuliko Arusha, maana joto la Moshi linawafanya wadudu wazaliane upesi.

Wengi wanaoulaumu mfuko huu waliweka nafaka mbichi. Nailoni inayozuia hewa isiingie inazuia pia unyevu usitoke, kwa hiyo mahindi yasiyokauka yataota ukungu humo ndani, na ukungu ndio chanzo cha sumukuvu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kupika hakuiondoi. Mahindi yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5, maharage 13. Bila kipimo, tumia chumvi: chupa ya kioo iliyokauka kabisa, jaza robo yake nafaka, tia vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika kadhaa, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, nafaka bado. Isiponata, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi, na hapo ndipo watu wanapokosea, kwa sababu 15 bado ni nyingi kwa mfuko usiopitisha hewa. Ongeza siku moja au mbili za jua kali. Juni na Julai huku kwetu ni mawingu na baridi, hivyo mzigo ulioanikwa kwenye turubai uingizwe ndani kabla ya jioni. Ukilala nje unarudisha unyevu wote ulioutoa mchana kwa taabu.

Pepeta na kuchagua kwanza. Vipande vya magunzi na vijiti vinatoboa nailoni. Kisha pima kila nailoni: ijaze upepo, kunja mdomo, ibane kwapani na usikilize. Inayovuja isitumike. Ingiza nailoni moja ndani ya nyingine, zote ndani ya salfeti, mimina nafaka kidogo kidogo huku ukitikisa na kushindilia kwa ngumi hadi pembeni, ili hewa ipande juu. Acha mdomo wa kutosha, upana wa viganja viwili hivi. Nailoni ya ndani uisokote tangu usawa wa nafaka, uikunje katikati, uifunge kwa nguvu kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kamba ya katani inalegea, na kamba nyembamba ya plastiki inakata nailoni. Rudia kwa nailoni ya pili, halafu salfeti. Usifungue mwezi mzima wa kwanza, hata kwa kuchungulia tu.

Panya ndiye adui mkubwa baada ya hapo. Weka mfuko juu ya chaga au mbao, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita, na usilundike vitu juu yake. Dumuzi naye, mdudu wa mahindi ambaye wengine wanamwita Scania, ana meno ya kutoboa nailoni, kwa hiyo usiweke mfuko mpya karibu na mahindi ya zamani yaliyoshambuliwa. Na kuna jambo moja la kufa na kupona: vidonge vya kufukizia visitumike kabisa nyumbani. Gesi yake inaua watu waliolala, na mfuko huu hauvihitaji.

Ukubwa tunaoushauri kwa nyumba ya mjini ni wa kilo 50, ingawa ule wa 100 ni nafuu zaidi kwa kilo. Mfuko uliojaa nusu una hewa nyingi juu, wadudu wanapata muda mrefu wa kula kabla haijaisha, na kila ukiufungua unawaingizia nyingine. Mifuko miwili ya 50 inakupa mmoja wa kula na mmoja uliofungwa. Ule wa kula chota ya wiki nzima kwa mara moja, tia kwenye ndoo yenye mfuniko, kamua hewa, funga tena. Anayenunua debe moja moja asubiri hadi atimize mfuko, au atumie dumu la mafuta ya kula la lita 20 lililooshwa na kukauka kabisa, lenye kifuniko cha kusokota kinachobana. Linabeba kilo 15 hadi 17 za maharage na panya haliwezi kirahisi. Lijaze hadi shingoni. Dumu lililowahi kubeba dawa au mafuta ya taa lisiguse chakula.

Unga usiuweke humu kwa miezi. Dona linachacha kwa sababu ya mafuta ya kiini. Saga ya wiki mbili tatu, na ubaki na kilo 10 za sembe kwa siku ambazo umeme hakuna na mashine imefungwa. Makande hayangoji mashine, na maharage yaliyolowekwa usiku kucha yanapunguza mkaa.

Mfuko unatumika misimu miwili hadi mitatu. Kila msimu rudia kipimo cha upepo; nailoni ikitoboka nunua mfuko mwingine, usizibe kwa selotepu. Na dukani, kabla ya kulipa, utoe mfuko na uhesabu: nailoni mbili zinazoachana kabisa. Ikiwa ni moja na muuzaji anasema ni PICS, rudisha.