Shelfu ya maua ya kujitengenezea: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Masika moja nilirudi kutoka kazini nikakuta shelfu yangu ya chipbodi (ule ubao wa vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi) imelala chini sebuleni, vyungu vitano vimepasuka, udongo umeingia mpaka uvunguni mwa kochi, na ile mani planti niliyoilea miaka mitatu imekatika kabisa. Iliniuma sana. Tangu hapo nimeshatengeneza shelfu nne za aina tofauti hapahapa Dar na kitu ninachomwambia kila mtu ni kwamba ukienda kununua vifaa vya shelfu ya maua usiangalie picha nzuri, angalia uzito na maji.

Hebu piga hesabu. Lita moja ya maji ni kilo moja, ndoo ya lita 10 iliyojaa udongo uliolowa haishuki kilo 13, sasa ukipanga ndoo tano kwenye ubao mmoja tayari umepita mfuko wa simenti wa kilo 50. Na huo mzigo unamwagiliwa wiki nzima, mwaka mzima.

Namba moja kwangu ni fremu ya chuma na mbao juu yake. Nunua skwea paipu, yaani paipu ya chuma ya pembe nne, ya nchi moja, mpelekee fundi wa kuchomelea (eneo la Gerezani hapa Dar wako wengi, lakini hata wa mtaani kwako anaweza), mwambie akutengenezee mfano wa ngazi, yaani kila daraja limerudi nyuma kidogo kuliko la chini yake, ili ua la chini nalo lipate mwanga. Simamia mambo mawili hapohapo kabla hujalipa: aizibe midomo ya paipu yote, maana maji yakiingia ndani chuma kinaoza kuanzia ndani huku nje unaona kizima, halafu apige redi oksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, kwanza ndio rangi ifuate, kwa sababu huku pwani hewa ya chumvi haina huruma na chuma kitupu. Mbao, mfuko ukiruhusu chukua mninga, mchwa hauupendi. Usiporuhusu hata saiprasi inatosha, ila piga vanishi pande zote mbili na kwenye ncha, watu wengi ncha wanazisahau na maji yanaanzia hapo. Acha upenyo wa kidole kati ya ubao na ubao maji yapite. Ni ghali kuliko zote hizi lakini yangu ina miaka sita na haijatikisika.

Namba mbili, na kama umepanga nyumba basi kwako hii ndio namba moja: tofali za simenti na mbao. Hutoboi ukuta, hugombani na mwenye nyumba, siku ya kuhama unabeba. Tofali za nchi 6, ubao wa nchi moja, na kila futi mbili pawe na tofali chini, ukizidisha hapo ubao unapinda katikati. Usipandishe zaidi ya madaraja matatu hasa kama kuna watoto. Zipake chokaa nyeupe, vyungu vya plastiki vitumbukize kwenye vikapu vya ukili, mani planti iweke juu kabisa iteremke yenyewe, aisee kibaraza kinabadilika.

Tatu ni paleti, yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo. Mbao zake ngumu na bei yake inaongeleka, ila kabla hujatoa hela tafuta muhuri uliochomwa ubavuni. Ukiona HT maana yake imetibiwa kwa joto, hiyo chukua. Ukiona MB iache, imefukizwa na gesi ya kuua wadudu na mimi siwezi kuiingiza ndani ninapolala. Isiyo na muhuri wowote na ina madoa ya mafuta, iache pia.

Makasha ya nyanya ni ya nne, yanapendeza ukiyapanga ukutani kama vyumba vidogovidogo lakini mbao zake nyembamba, weka vyungu vidogo tu.

Chipbodi na emdiefu (MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi) ni za mwisho na kwa maua sizishauri kabisa. Zikinywa maji zinavimba, zikivimba skrubu zinaachia. Muuzaji atakwambia ina plastiki juu, sawa, lakini ukishatoboa tundu la skrubu hiyo plastiki haikusaidii tena.

Kuhusu nani akae wapi: chini kwenye kivuli weka sneki planti au zizi planti, hiyo zizi ni mmea wa ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki na inavumilia kiza na kusahauliwa. Yale maua madogo ya zambarau yaliyotoka Usambara, ambayo Wazungu wanayanunua sana kwao, yakipata jua la mchana moja kwa moja majani yanaungua, yape daraja la kati karibu na dirisha. Kama kibaraza chako kinatazama magharibi, jua la saa tisa ni kali mno, juu panga aloe vera na jamii ya kakutasi.

Ukishanunua vyote bado nunua visahani vya kuweka chini ya vyungu, na tafadhali maji yake mwaga na usugue kila wiki. Dar tumepata homa ya dengue mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake anapenda kutaga kwenye maji kidogo kama hayohayo.