Nimenunua Blue Note orijino: sikio lipo, ila upande A umenitoa jasho

Haya wadau, leo hakuna spika wala amplifaya, leo ni santuri moja tu, hii hapa, ya Blue Note, ile kampuni ya santuri za jazi ya New York, ya mono, yani sauti ya njia moja, ya mwishoni mwa miaka ya 50. Kila siku mnaniuliza lini utanunua orijino, yani iliyotengenezwa enzi zilezile, basi nimenunua, na bei siitaji maana mke wangu naye anaangalia hizi video.

Nianze na kilichonifanya nitoe hela. Wengi wakishika santuri ya zamani macho yanakimbilia kava. Mimi kava naweka pembeni, naishika sahani hivi, ukingoni, vidole visiguse mifereji, naisogeza kwenye taa. Lebo, hii karatasi ya katikati, inasema 47 WEST 63rd NYC, anwani ya kampuni. Zilizotoka kabla ya 1957 ungekuta Lexington Ave, na zile za kuanzia kama 1962 zinaandikwa NEW YORK USA, kwaiyo anwani tu ishakupa umri kidogo. Neno INC lipo? Halipo. Ile R ndogo ndani ya duara chini ya NOTE nayo haipo, hivyo vilianza kuonekana 1959. Ila usianze kushangilia bado, jamaa walikuwa wanamalizia lebo za zamani zilizobaki stoo, unaweza ukakuta upande A una anwani hii na upande B una nyingine kabisa, yani lebo peke yake usiiamini.

Sogea hapa sasa, hapa mifereji inapoishia, hii sehemu tupu wenyewe wanaiita dedi waksi. Hizi namba zimechorwa kwa mkono. Herufi RVG ni Rudy Van Gelder, fundi aliyerekodi na kukata, yani kuchonga mifereji ya sahani mama, karibu kila kitu chao enzi hizo. Na hiki kidude... ngoja nigeuze taa... mnakiona? Kama sikio. Ni herufi P ya kiwanda cha Plastylite, ndo waliokuwa wanazikandamiza hizi sahani mpaka 1966, baada ya Blue Note kuuzwa kwa kampuni ya Liberty. Sikio likikosekana bei inaporomoka, hata kama lebo ni ileile na kava ni lilelile, aisee watu wazima tunagombania mkwaruzo mdogo kuliko ukucha wa mtoto!

Sisemi kava si kitu. Ile White Album ya Beatles namba 0000001, aliyokuwa nayo Ringo Starr mwenyewe, iliuzwa mnadani 2015 kwa dola 790,000, na pale watu walipigania namba iliyogongwa kwenye kava. Ila ile ni ya kufungia kabatini, mimi nataka ya kupiga.

Na hapo kwenye kupiga ndo nilipoumia.

Aliyeniuzia aliipa daraja NM, yani karibu na mpya. Kwa macho hakunidanganya, inang'aa, hakuna mkwaruzo wa maana. Nikaiosha, nikaikausha, nikashusha sindano, wimbo wa kwanza ni raha tupu, tarumbeta limekaa mbele yako kabisa unasikia mpaka mtu anavyovuta pumzi. Wimbo wa pili safi. Tukafika wa mwisho upande A, tarumbeta likapanda juu, nikasikia khrrr, kama spika imechanika. Nikairudisha, palepale, khrrr. Likishuka sauti inatakata, likipanda inachanika.

Huo sio uchafu, usihangaike kuosha mara kumi kama nilivyofanya. Ni mfereji wenyewe umelika. Mikono ya mashine za zamani ilikuwa inakandamiza gramu nyingi sana, siku hizi tunaweka kama 2 tu, sasa changanya ule uzito na sindano iliyochakaa, inachonga kuta za mfereji kidogo kidogo bila kuacha alama unayoiona. Na kwanini wimbo wa mwisho? Kwa sababu sahani inazunguka spidi moja ila duara la ndani ni dogo, kule nje sindano inapita sentimita 50 na kitu kwa sekunde, huku ndani kama 21 tu, sauti ileile imebanwa kwenye nafasi ndogo, kwaiyo panaliwa kwanza. Nimejaribu sindano nyembamba zaidi, yenye ncha inayoshuka chini ya pale palipolika, imepunguza labda robo ya kelele, haijamaliza.

Kwaiyo ukitaka kununua kitu cha bei hii usiulize "ina mikwaruzo?", muombe muuzaji akurekodie dakika ya mwisho ya kila upande, pale chombo kinapopiga kwa nguvu. Akianza kona kona, achana naye.

Kama unachotaka ni muziki tu, chukua matoleo mapya ya Tone Poet, mfululizo wa Blue Note wenyewe, yalianza 2019, fundi Kevin Gray anayakata kutoka kwenye tepu zenyewe za kurekodia, kimya kama usiku, na hela inabaki. Nimeyalinganisha, toleo jipya lina besi safi zaidi, sibishi. Lakini ile tarumbeta ya wimbo wa kwanza, upande huuhuu wenye kasoro, inanisogelea kwa namna ambayo lile jipya halifanyi, na sijui nikueleze vipi.

Muuzaji amenirudishia sehemu ya hela. Sahani sirudishi. Sasa naigeuza upande B, wenyewe haujaliwa, mimi nanyamaza.